Mwongozo kamili wa kutembea mlima Tymfi na Korongo la Vikos katika safu ya Pindos, Ugiriki

Safu ya milima ya Pindos inaanzia mpakani na Albania na kushuka kusini, ikiigawa Ugiriki Bara pande mbili: Epirus upande wa magharibi, Makedonia na Thessaly upande wa mashariki. Katika sehemu yake ya kaskazini umesimama mlima Tymfi, ambao kilele chake cha juu kabisa, Gamila, kina mita 2,497, na kando yake limechimbika Korongo la Vikos. Wageni wengi waendao Ugiriki huishia Athens na visiwani, na wachache wapendao milima hukimbilia Olympus. Kwa maoni yangu, mtu mwenye siku tano na miguu yenye afya atapata mengi zaidi Tymfi, kwa sababu korongo, chemchemi, vijiji vya mawe, madaraja ya kale na ziwa lililo juu ya mita 2,000 vyote vinafikika kwa miguu, bila kamba wala ujuzi wa kukwea miamba.

Eneo lenyewe linaitwa Zagori, nalo lina vijiji 46 vilivyotawanyika kwenye miteremko. Hifadhi ya Taifa ya Vikos-Aoos ilianzishwa mwaka 1973 na baadaye, mwaka 2005, ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Pindos ya Kaskazini. Mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha Zagori katika orodha ya Urithi wa Dunia kama mandhari ya kiutamaduni. Maana yake ni kwamba hapa maumbile na kazi ya mikono ya watu vimefungamana: njia utakazozipita zilijengwa kwa mawe na wanavijiji ili wapitishe nyumbu na mifugo, muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza kufika.

Hatua ya kwanza: uelewe mwamba kabla ya kupanga njia

Ukielewa jambo moja kuhusu Tymfi, mengine yote yatajipanga yenyewe. Sehemu kubwa ya mlima huu ni mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa hayashiki maji. Mvua na theluji inayoyeyuka hupenya kwenye nyufa, hupotea chini ya ardhi, kisha hutokea tena chini kabisa, kwenye chemchemi za mto Voidomatis karibu na kijiji cha Vikos. Ndiyo sababu mgeni anaweza kutembea saa kadhaa ndani ya korongo wakati wa kiangazi akikanyaga mawe meupe makavu ya sakafu ya mto, halafu ghafla akakutana na maji mengi, ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, yakibubujika kutoka chini ya miamba kana kwamba mto umezaliwa ukiwa tayari mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo mlima una mashimo ya kutisha: shimo la Provatina, lililo kwenye uwanda wa Astraka, linashuka wima kwa takriban mita 400.

Kwa mtembeaji, somo la mwamba huu ni la vitendo. Usitarajie vijito njiani. Maji unayoyahitaji utayabeba mwenyewe, au utayateka kwenye chemchemi chache zinazojulikana, ambazo baadhi yake hukauka mwishoni mwa kiangazi. Lita mbili kwa kila mtu ndicho kiasi cha chini kabisa kwa siku nzima, na mwezi wa Julai na Agosti ni lita tatu.

Hatua ya pili: chagua msimu

Ndani ya korongo unaweza kutembea kuanzia Mei hadi Oktoba. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua theluji inayoyeyuka hujaza maji sehemu za chini, na mvua kubwa huweza kuangusha mawe kutoka kwenye kuta, kwa hiyo usiingie mvua inaponyesha au mara tu baada ya mvua kubwa. Kwa upande wa juu, yaani kibanda cha wapanda milima cha Astraka na ziwa, subiri hadi katikati ya Juni, kwani kabla ya hapo mabaka ya theluji ngumu hubaki kwenye miteremko yenye kivuli na hapo ndipo watu huteleza. Septemba ndio mwezi ninaoupendekeza kuliko yote, kwa sababu jua limepoa, ngurumo za mchana zimepungua na nyumba za wageni hazijajaa. Mwishoni mwa Oktoba misitu hugeuka rangi ya dhahabu na kutu, na mtu asiye na nia ya kupanda juu atafurahi zaidi wakati huo; ila siku ni fupi na usiku ni wa baridi kali.

Miezi ya kiangazi ina hatari yake moja ya kudumu. Asubuhi anga huwa safi kabisa, kufikia adhuhuri mawingu hukusanyika juu ya vilele, na alasiri radi hupiga. Kanuni ya wenyeji ni kuanza mapema na kuwa umeshateremka kutoka sehemu za wazi kabla ya saa nane mchana.

Hatua ya tatu: karatasi, usafiri na malazi

Msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo atahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla yake, na bima ya safari inayotakiwa ni ya angalau yuro 30,000. Soma masharti ya bima hiyo kwa makini, maana nyingine hazilipi gharama za kuokolewa mlimani. Anayeishi katika nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali hana haja ya viza nyingine, lakini asafiri na kibali chake pamoja na pasipoti.

Mji wa kuanzia ni Ioannina, wenye uwanja wa ndege unaopokea ndege kutoka Athens. Mabasi ya KTEL pia huenda huko kutoka Athens na Thessaloniki. Kutoka Thessaloniki barabara kuu ya Egnatia hupita katikati ya milima ya Pindos na safari ni ya takriban saa tatu kwa gari. Kutoka Ioannina hadi kijiji cha Monodendri ni karibu kilomita 40, na hadi Papigo ni karibu kilomita 60. Mabasi ya kwenda vijijini ni machache mno na hayaendi kila siku, hivyo gari la kukodi litakuokolea muda mwingi. Kumbuka kwamba Ugiriki huendesha upande wa kulia, kinyume na Tanzania, Kenya na Uganda, na kwamba barabara ya kupanda Papigo ina kona kali mfululizo. Dereva aliyetoka kwetu asiifanye kuwa barabara yake ya kwanza, tena usiku. Jaza mafuta na toa fedha taslimu Ioannina, kwani vijijini mashine za kutolea fedha na vituo vya mafuta ni adimu.

Kwa malazi, gawa siku zako mahali pawili: usiku mbili Monodendri au kijiji cha jirani, kisha zinazobaki Papigo, ambacho ni vijiji viwili vidogo, Megalo Papigo na Mikro Papigo, vilivyo chini ya minara ya mawe ya Astraka. Nyumba za wageni nyingi ni majumba ya zamani yenye kuta nene na paa za mawe bapa. Agosti na siku za sikukuu weka nafasi mapema.

Hatua ya nne: siku ya kwanza, litazame korongo kutoka juu

Wengi hufanya haraka kuingia korongoni siku wanayofika, nami nawasihi wasifanye hivyo. Ukiwa ndani huoni ukubwa wake. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimelitaja Vikos kuwa korongo lenye kina kikubwa zaidi duniani kwa kulinganisha na upana wake, likiwa na kina cha mita 900 mahali ambapo kingo zake zimeachana kwa mita 1,100, na jambo hilo hulifahamu ukisimama ukingoni.

Kuna sehemu tatu za kutazamia. Ya kwanza iko kwenye monasteri ya Agia Paraskevi, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Monodendri, jengo dogo la karne ya 15 lililoegemea ukingo wa jabali. Ya pili ni Oxia, umbali wa takriban kilomita saba kwa gari kutoka kijijini, na barabara yake hupita kwenye kile wanachokiita msitu wa mawe, ambako chokaa imekatika tabaka kwa tabaka na kusimama kama rundo la sahani zilizopangwa. Ya tatu ni Beloi, ng'ambo ya pili, na ndiyo iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa macho hulifuata korongo karibu urefu wake wote.

Beloi hufikiwa kutoka Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote vya Zagori, kwenye mita 1,340. Kwa gari unafika hadi kijijini, kisha unatembea kama nusu saa. Lakini mwenye nguvu aache gari karibu na Kapesovo na apande kwa Ngazi za Vradeto, njia ya mawe inayopinda na kupinduka kwenye ukuta wa jabali. Hadi miaka ya 1970 hii ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kijiji hicho kufika kwa majirani zake. Tazama namna ilivyojengwa: kila kipandio ni kirefu na chenye mwinamo mdogo, kimepimwa kwa hatua ya nyumbu aliyebeba mzigo, na mawe yake yamesimamishwa kwa ubavu ili kwato zisiteleze. Ukipanda kwa mwendo wa polepole na wa kudumu utaona mwili wako unaingia katika mpimo huohuo.

Jioni, ukirudi, pitia Kipoi ukaone madaraja. Daraja la Kokkori, la upinde mmoja, lilijengwa mwaka 1750 kati ya majabali mawili. La Plakida lina matao matatu na ni la mwaka 1814. Fedha za ujenzi zilitoka kwa watu wenye uwezo, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa Zagori waliochuma mbali katika nchi za Balkani, ndiyo maana madaraja mengi huitwa kwa majina ya waliolipa.

Hatua ya tano: siku ya pili, pita ndani ya korongo

Njia ya kawaida inaanza Monodendri na kuishia kijiji cha Vikos au Papigo. Ni takriban kilomita 12, na mtu wa mwendo wa wastani atatumia saa tano hadi saba pamoja na mapumziko. Ondoka saa moja asubuhi. Kabla ya kulala, panga na mwenye nyumba ya wageni jinsi utakavyochukuliwa mwisho wa njia, kwa sababu barabara ya kurudi inazunguka milima yote na teksi ni chache. Wengine huhamisha mizigo yao kwa gari hadi Papigo na kutembea na mkoba mdogo tu, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea.

Kutoka uwanja wa kijiji njia ya mawe inashuka kwa karibu saa moja hadi sakafu ya korongo. Shuka taratibu, mawe haya yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na yakilowa umande huteleza. Ukifika chini geuka kushoto, ufuate alama za O3, ambayo ni namba ya njia hii. Usidanganyike na neno sakafu: njia haiendi tambarare, bali hupanda na kushuka kando ya mto mkavu, ndani ya msitu wa miti ya majani mapana, na kila mara hukanyaga mawe yaliyolegea. Karibu katikati ya safari, korongo la pembeni liitwalo Megas Lakkos linaungana kutoka kulia, na maeneo hayo ndiko iliko chemchemi ya Klima, ambayo ndiyo mahali pa kutegemewa pa kujaza chupa. Ijaze hata kama unadhani unayo maji ya kutosha.

Zamani waganga wa mitishamba wa Zagori, waliojulikana mbali kwa jina la madaktari wa Vikos, walikusanya dawa zao humu. Leo kuchuma mimea ndani ya hifadhi kumekatazwa, na inafaa kuheshimiwa, kwa kuwa baadhi ya maua ya kwenye nyufa za kuta hizi hupatikana sehemu chache sana duniani.

Ukikaribia mwisho, msitu unafunguka na njia inagawanyika. Wa kushoto ni mpando mkali wa karibu dakika 45 hadi kijiji cha Vikos, na wa kulia unashuka kwenye chemchemi za Voidomatis, unavuka, kisha unapanda Papigo kwa takriban saa mbili. Hata anayeishia Vikos ashuke kwanza kwenye chemchemi. Maji yake ni baridi mwaka mzima kiasi kwamba mkono hauvumilii kuzama kwa muda. Usiogelee hapo. Mwenye hamu ya mto aende baadaye kwenye daraja la Aristi, ambako makampuni ya wenyeji huwashusha wageni kwa maboti ya mpira hadi karibu na Klidonia, katika maji tulivu yanayowafaa hata wasio na uzoefu.

Hatua ya sita: siku ya tatu na ya nne, kibanda cha Astraka na Ziwa la Joka

Siku ya tatu ianze Mikro Papigo. Njia, bado ni O3, inapanda takriban mita 1,000 hadi kibanda cha wapanda milima kilichoko mita 1,950, kwenye sehemu iliyobonyea kati ya vilele vya Astraka na Lapatos. Saa tatu hadi nne zinatosha. Kuna chemchemi kadhaa zilizojengewa njiani, lakini muulize mwenyeji wako asubuhi ni zipi zinazotoa maji wiki hiyo. Sehemu ya chini ina miti. Ya juu iko wazi kabisa juani, na hapo ndipo walioanza saa nne asubuhi huteseka.

Wembamba wa hewa haupaswi kumtia hofu msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro, kwani kilele cha Gamila kiko chini ya kibanda cha Mandara, kilichoko mita 2,720. Kinachochosha hapa ni mwinuko mkali na jua.

Kibanda hufunguliwa miezi ya joto, na nafasi huwekwa mapema. Inawezekana kwenda ziwani na kurudi Papigo kwa siku moja, na wengi hufanya hivyo, lakini ni siku ya saa nane hadi kumi na inakulazimisha kuwa juu wakati wa radi. Lala kibandani. Baada ya chakula cha mchana na mapumziko, jioni angani kukiwa shwari, tazama mawio ya nyota nje, na alfajiri uelekee ziwani ukiwa peke yako.

Kutoka kibandani njia inateremka kwanza kwenye uwanda wa nyasi wa Xeroloutsa, kisha inapanda tena. Kwa jumla ni kama saa moja. Ziwa, Drakolimni kwa Kigiriki, liko kwenye mita 2,050, ndani ya bakuli lililochongwa na barafu ya zama za kale. Maji yamebaki hapa, tofauti na kwingineko mlimani, kwa sababu chini yake hakuna chokaa bali mwamba wa tabaka za mchanga na udongo ulioshikamana, usiopitisha maji. Hadithi ya wenyeji inasema kwamba joka wa Tymfi alikuwa na ugomvi na joka wa ziwa la mlima Smolikas, mita 2,637, unaoonekana ng'ambo ya bonde la Aoos, wakawa wanatupiana mawe na magogo ya misonobari.

Piga magoti ukingoni usogeze uso karibu na maji, pasipo kuyagusa, usubiri dakika moja. Utaona viumbe vidogo vyenye urefu wa kidole vikielea: ni ndugu wa vyura, ila vina mkia, mgongo wa rangi ya kijivu-buluu na tumbo la rangi ya chungwa kali. Hawa ndio majoka wa kweli wa ziwa hili, na ngozi yao hupitisha kila kitu kilichomo majini. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotoka kwenye mwili wa muogeleaji mmoja yanabaki katika ziwa dogo lisilo na mto wa kulisafisha, kwa hiyo tafadhali usiingie.

Mwenye nguvu za ziada, kukiwa na anga safi, anaweza kutoka kibandani kupanda Astraka, mita 2,436, au Gamila kwa takriban saa mbili na nusu. Upande wa kusini wa Gamila ni mteremko wa nyasi na mawe. Upande wa kaskazini ni genge la jabali. Ukungu ukishuka, geuka mara moja.

Ukirudi Mikro Papigo, nyosha miguu kwenye mabwawa madogo ya mawe yaliyo kando ya barabara kati ya vijiji hivyo viwili, na jioni uagize alevropita, pai nyembamba ya unga na jibini inayookwa pasipo matabaka ya unga.

Vifaa na tahadhari

Viatu vifunike kifundo cha mguu na viwe na soli inayoshika. Fimbo mbili za kutembelea zitayaokoa magoti kwenye mteremko wa Vikos. Beba koti la mvua, sweta nzito hata Agosti, kofia, tochi ya kichwani, shuka la kulalia la kibandani, na ramani ya karatasi, kwani ndani ya korongo simu haishiki mtandao sehemu kubwa ya njia. Kwa sababu hiyo mwachie mwenye nyumba ya wageni ujumbe wa njia unayopita na saa unayotarajia kufika. Namba ya dharura ni 112.

Dubu na mbwa mwitu wapo katika misitu hii, lakini huwakwepa watu na uwezekano wa kuwaona ni mdogo. Wanaohitaji tahadhari zaidi ni mbwa wa wachungaji. Ni wakubwa, wamefunzwa kulinda kondoo dhidi ya wanyama hao, na hawatofautishi mgeni na adui. Ukiliona kundi, zunguka mbali nalo. Mbwa wakija, simama, usikimbie, usiwatazame machoni, mwite mchungaji kwa sauti, kisha rudi nyuma polepole. Nyoka wenye sumu pia wapo, hasa kwenye mawe yenye jua, hivyo tazama kabla ya kuweka mkono au kukaa. Kuwasha moto na kupiga hema ovyo ni marufuku.

Siku ya tano: Konitsa na mto Aoos

Siku ya mwisho iwe nyepesi. Endesha hadi Konitsa, ambako mto Aoos unatoka milimani chini ya daraja la upinde mmoja la karne ya 19, lenye kimo cha karibu mita 20. Simama chini yake utazame juu: katikati ya tao inaning'inia kengele ndogo, ambayo upepo ukivuma kwa nguvu huiliza na kumwonya mpita njia kwamba ni hatari kuvuka. Kutoka hapo njia pana inafuata mto hadi monasteri ya Stomio, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, karibu yote ikiwa kivulini. Beba chakula chako na vaa nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, maana ni mahali pa ibada. Ukitoka Konitsa mchana, utafika Ioannina kwa takriban saa moja, na wakati wa kurudisha gari na kuwahi basi au ndege ya jioni utakuwepo.